Kutafuta viumbe wa bahari ya kina kwenye hifadhidata za video: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Pemba

Kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri tunakaa Chake Chake, kwenye chumba cha kompyuta cha skuli moja. Wanakuja wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, vijana wanaosomea uvuvi, na wavuvi wachache wenye simu zao mkononi. Tunatafuta viumbe wa bahari ya kina kwenye hifadhidata za video zilizo wazi kwa kila mtu. Maswali hujirudia, kwa hiyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayoyatoa, ili anayekuja mara ya kwanza apate pa kuanzia na aliye mbali na Chake asikose.

Hifadhidata ya video zilizowekewa maelezo ni kitu gani hasa?

Meli inashusha roboti kwa kebo. Roboti ina taa kali, kamera na vipimo. Ukiitazama video yenyewe, saa nyingi zinapita bila la maana: matope, giza, na chembe nyeupe zinazoshuka polepole mbele ya taa, kama vumbi la unga kwenye mwanga wa dirisha. Ghafla, kwa sekunde nne au tano, anapita kiumbe. Mtazamaji anasimamisha video, anaandika jina la alichokiona, yuko juu ya nini, anafanya nini, wako wangapi. Kompyuta inaunganisha maandishi hayo na saa ya video, na kwa saa hiyo inavuta kina, joto, chumvi na mahali roboti ilipokuwa. Mstari huo mmoja ndiyo rekodi.

Huu hapa mfano nilioutunga kwa ajili ya darasa. Jina: *Grimpoteuthis*, yule pweza mwenye mapezi mawili kichwani kama masikio ya tembo. Kina: mita 2,950. Joto: nyuzi 1.7. Saa: 22:14 UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia. Mahali: karibu na Monterey, California. Idadi: 1. Yuko juu ya: matope. Uhakika wa jina: huenda. Uweke karibu, tutaurudia.

Unapotafuta, kompyuta haiangalii picha. Inapekua maandishi ya watu waliokaa wakaangalia picha. Mzee mmoja wa Wesha alinisikiliza nikieleza hili, akasema, "Kumbe ni ushahidi, maalim. Basi shahidi huulizwa." Tangu siku ile ndivyo ninavyofundisha: kila rekodi ni ya shahidi. Ulikuwa wapi, kina gani, saa ngapi, ulimuona vizuri, ulikaa muda gani? Karibu majibu yote yaliyobaki hapa chini yanatoka kwenye maswali hayo.

Nianzie wapi? Ziko nyingi.

Ziko nyingi kweli, lakini nne zinatosha kwa mwaka mzima.

Kwa anayeanza, napendelea Deep-Sea Guide ya MBARI. MBARI ni taasisi ya utafiti iliyoanzishwa na David Packard mwaka 1987, iko Moss Landing, kwenye Ghuba ya Monterey. Roboti yao Ventana inafanya kazi tangu 1988, na Doc Ricketts inashuka hadi mita 4,000. Wana watu ambao kazi yao ya kila siku ni kutazama video na kuandika walichokiona, na kwa miaka hiyo yote wamekusanya maelezo zaidi ya milioni 10. Programu wanayotumia inaitwa VARS. Wanasayansi wao wanapekua humo moja kwa moja. Sisi wa nje tunapata sehemu yake kupitia Deep-Sea Guide, ambako kila kiumbe ana ukurasa wenye picha na michoro ya kina anachoonekana.

Ukitaka picha moja moja ambazo kila mnyama amezungushiwa kisanduku na kuandikwa jina, nenda FathomNet. Ukitaka kutazama video na kusoma maelezo pembeni yanavyokwenda nayo, SeaTube ya Ocean Networks Canada ndiyo yake. Humo utakuta pia mbizi za meli ya Marekani Okeanos Explorer, ambazo wanasayansi walizitazama moja kwa moja wakiwa nchi kavu, kila mtu kwao, na kuandika hapohapo.

Ya nne ni OBIS, iliyo chini ya UNESCO na yenye ofisi Ostend, Ubelgiji. Hii si ya video peke yake. Imekusanya rekodi za viumbe wa baharini kutoka kila aina ya chanzo: video, nyavu, makumbusho, wapiga mbizi. Kwa swali la "nani ameonekana upande wetu wa bahari", anza na OBIS.

Nikiandika "pweza" hakuna kinachotoka.

Haitatoka, wala "ngisi" haitatoka. Kurasa zenyewe ni za Kiingereza, lakini ukijua jina la kisayansi la Kilatini unapita kote, iwe hifadhidata ya Marekani, Kanada au Ubelgiji. Jina hilo ulihakiki kwanza WoRMS, daftari la dunia la majina ya viumbe wa bahari. Kila jina lina namba yake, na hata jina likibadilika, namba inakuonesha lilihamia wapi.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye majina yetu wenyewe. "Changu" ni samaki wengi. Wataalamu wanawaweka kwenye familia nzima ya Lethrinidae. "Chewa" vivyo hivyo. Kwa hiyo unapotoka kwenye jina la sokoni, usikimbilie spishi moja. Anza na familia, tazama picha, kisha teremka. Mvuvi akikaa na wewe mtafika haraka zaidi, maana yeye anajua tofauti ambazo jina la sokoni limezifunika: mwenye mkia mrefu, mwenye doa, wa maji mengi, wa maji machache.

Jina ni sahihi, nimelihakiki, lakini matokeo ni machache mno. Kwa nini?

Sababu ya kwanza ni ukoo. Majina kwenye hifadhidata hizi yamepangwa kama ukoo: jamaa kubwa, ndani yake milango, yaani jenasi, ndani ya milango nyumba, yaani spishi. Aliyetazama video mara nyingi hakuona vya kutosha kutaja nyumba. Alitaja mlango tu. Anaandika *Grimpoteuthis* na kuishia hapo, au anapanda zaidi na kuandika Octopoda. Ukitafuta jina la nyumba peke yake, wote walioandikwa kwa jina la mlango wanakupita. Na kinyume chake: ukitafuta jina la juu bila kuiambia programu ijumuishe walio chini yake, utapata wale tu walioandikwa kwa jina hilo la juu kabisa. Tafuta kisanduku kinachosema jumuisha wazao, na ukiweke alama. Kosa hili peke yake limekula Jumamosi zetu nyingi.

Sababu ya pili ni kwamba majina huhama. Chukua samaki wekundu wa jenasi *Etelis*, wale wa macho makubwa wanaovuliwa kwa mshipi mrefu. Kwa miaka mingi *Etelis carbunculus* lilikuwa jina moja. Mwaka 2021 wanasayansi walionesha kuwa ndani yake walikuwamo samaki wa aina mbili, na wa pili akapewa jina *Etelis boweni*. Sasa fikiria rekodi ya 2009 inayosema *Etelis carbunculus*. Ni yupi kati ya wawili? Jina peke yake halijibu. Kama kuna picha, irudie. Kama hakuna, andika kwenye daftari lako kwamba jina ni la kabla ya 2021 na usilikate shauri.

Kina kimeandikwa kwa mita. Sisi tunahesabu pima.

Pima moja ya ramani za bahari ni mita 1.83 hivi. Pima 100 ni mita 183. Mita 200, ambapo wanasayansi huanza kuita bahari ya kina kwa sababu mwanga wa jua hapo haufai tena kwa mimea kujitengenezea chakula, ni kama pima 110. Mita 1,000 ni pima 547.

Hesabu hiyo ni rahisi. Kazi iko pengine. Pima ya mvuvi ni mikono yake aliyoinyoosha, na mikono hailingani. Halafu mshipi hauendi wima. Mkondo wa upande wetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi unakaza. Chubwi linasukumwa, mshipi unalala. Mvuvi anayesema ameshusha pima 150 anasema kweli kuhusu mshipi wake, ila chambo kiko juu zaidi ya hapo. Ukitaka kulinganisha habari yake na rekodi ya roboti, muulize na jinsi mshipi ulivyolala siku ile. Watajibu vizuri sana, hilo ni jambo wanaloliangalia kila siku.

Upande wa roboti nako kuna mawili ya kuangalia. Kina kilichoandikwa ni cha roboti ilipo, na inaweza kuwa inaelea mita 900 juu ya sakafu. Mnyama aliyeonekana katikati ya maji si mkaazi wa chini. Pili, kwenye OBIS rekodi nyingi hazina kina kabisa. Ukichuja "kuanzia mita 200 kwenda chini", zisizo na kina zinaondoka kimya kimya pamoja na za maji machache. Chuja mara mbili, mara moja na kina na mara moja bila, uone tofauti ni kubwa kiasi gani.

Nimeweka Mkondo wa Pemba, ramani imenipeleka Hispania.

Umegeuza namba. Katikati ya Mkondo wa Pemba, yaani bahari iliyo kati ya Pemba na Tanga, ni karibu latitudo -5.2, longitudo 39.4. Ukizibadilisha nafasi, 39.4 ikatangulia na -5.2 ikafuata, unatua magharibi mwa Hispania, nchi kavu. Ukisahau alama ya kutoa, ukaandika 5.2 na 39.4, unatua kusini mwa Ethiopia. Sisi tuko kusini ya ikweta, kwa hiyo latitudo yetu daima ina alama ya kutoa.

Alama hiyo ina mtego mwingine unapoweka mipaka ya eneo. Kaskazini ya Pemba ni -4.7, kusini ni -5.6. Programu inapouliza latitudo ndogo, jibu ni -5.6, ingawa jicho linaona 5.6 kuwa kubwa kuliko 4.7. Ukiweka kinyume, nyingine zinakupa matokeo sifuri bila kukueleza kosa, na wewe unaondoka ukiamini bahari ni tupu.

Na ukiona alama nyingi zimerundikana baharini kusini mwa Ghana, pale sifuri na sifuri zinapokutana, hao si viumbe wa Ghuba ya Guinea. Ni rekodi ambazo mahali pake palikosekana na kompyuta ikajaza sifuri. Zitoe.

Saa kwenye rekodi ni saa ya wapi?

UTC, karibu kila mara. Rudi kwenye mfano wetu: 22:14 UTC. Pemba tunaongeza saa tatu, inakuwa 01:14, yaani saa saba na dakika kumi na nne za usiku kwa hesabu yetu. Mwanafunzi akiona hivyo huandika "pweza huyu alionekana usiku". Lakini pweza alikuwa Monterey, ambako wakati wa baridi wako nyuma ya UTC kwa saa nane. Kwake ilikuwa 14:14, saa nane mchana kweupe.

Haya si mambo madogo. Viumbe wengi wa katikati ya maji hushinda chini kwenye giza na hupanda usiku kutafuta chakula, kisha hushuka tena kabla ya kucha. Ngisi, kamba na samaki wadogo wenye kutoa mwanga wako kwenye msafara huo kila usiku. Wavuvi wetu wa dagaa wanafahamu nusu ya juu ya habari hii kuliko mtu yeyote: wanatoka na taa siku za giza, na mbalamwezi ikikomaa wanapumzika. Hifadhidata inakupa nusu ya chini. Ukikosea saa, mchoro wako utaonesha wanyama wanapanda mchana.

Nimepata rekodi 300. Ina maana wapo 300?

Hapana. Wanaweza kuwa 40 waliorudiwa kutazamwa, au kundi la 5,000 lililoandikwa mara 300. Angalia sehemu ya idadi, kisha angalia kama zote zimetoka kwenye mbizi moja.

Na jiulize roboti ilikaa hapo kwa muda gani. Tukisikia boti moja ya Kojani imeleta kilo 200 na nyingine kilo 50, kwanza tunauliza walikaa baharini siku ngapi. Roboti nayo ni hivyo hivyo: pale ilipokaa saa 100 utaona vingi kuliko ilipokaa saa 2, hata kama wanyama ni sawasawa. Gawanya idadi kwa saa za kutazama katika kila kina. Hifadhidata ikiwa haikupi saa hizo, unaruhusiwa kusema "ameonekana hapa", lakini usiseme "ni wengi hapa".

Nitajuaje kuwa jina lililoandikwa ni la kweli?

Tazama picha. Kisha tafuta alama za mashaka. *Sp.* baada ya jenasi maana yake spishi haikutajwa, *cf.* maana yake anafanana na huyu lakini aliyeandika hakuthibitisha. Kwenye mfano wetu tuliona "huenda". Rekodi yenye "huenda" si mbaya. Mimi naiamini kuliko ile yenye jina kamili la spishi kwa mnyama aliyeonekana kwa mbali, umbo kama kivuli.

Video ina mipaka yake. Haihesabu meno, haifungui tumbo, haipimi vinasaba. Majongoo bahari wengi wanatofautishwa kwa vijifupa vya ndani ya ngozi vinavyoonekana kwa hadubini tu. Rangi nayo inadanganya: kamba mwekundu wa bahari ya kina anawaka mbele ya taa ya roboti, lakini mahali anapoishi mwanga mwekundu haufiki, na kwa jirani zake yeye ni mweusi, haonekani kabisa. Ukubwa unaweza kuupima kama kuna nukta mbili za leza kwenye picha. Umbali kati yake unajulikana, kwenye mbizi nyingi ni sentimita 10, ila usikisie: kila chombo kina kipimo chake na kimeandikwa kwenye maelezo ya mbizi.

Mbona karibu na Pemba hakuna kitu? Ina maana bahari yetu haina viumbe hao?

Hili ndilo swali ninalolingoja kila mwaka. Ndiyo sababu hasa ya kuandika ukurasa huu.

Mwanafunzi mmoja, kijana makini, aliandika kwenye ripoti yake: "Hakuna pweza wa bahari ya kina katika Mkondo wa Pemba." Alikuwa ametafuta vizuri, jina sahihi, mipaka sahihi, wazao wamejumuishwa. Matokeo yalikuwa sifuri. Nikamuuliza: nani alishuka? Akanyamaza, akarudi kwenye kompyuta kutafuta mbizi badala ya kutafuta pweza. Aliporudi alikuwa amefuta sentensi ile na kuandika nyingine: "Sikupata mbizi yoyote ya video katika eneo hili kwenye hifadhidata nilizopekua." Sentensi ya pili ni ya kweli. Ya kwanza ilikuwa tuhuma kwa bahari.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 kwenye jarida la Science Advances ulikusanya habari za mbizi karibu 44,000 tangu 1958. Ulionesha kuwa sakafu ya bahari ya kina ambayo binadamu ameiona kwa macho au kamera haifiki asilimia 0.001. Na katika kilichoonekana, asilimia 65 kiko ndani ya maili 200 za nchi tatu: Marekani, Japani na New Zealand. Kwa hiyo ramani yenye alama nyingi inakuonesha kwanza mahali meli zilipo na fedha zilipo. Viumbe wanakuja baada ya hapo.

Sasa tazama kwetu. Kati ya Unguja na bara maji ni machache, makumi ya mita tu. Kati ya Pemba na Tanga ni habari nyingine kabisa: bonde linalofika karibu mita 800, zaidi ya pima 400, na magharibi ya Misali ukuta unaanguka karibu sana na ufukwe. Mtoto wa Wesha anaiona bahari ya kina kwa macho kutoka nyumbani kwao. Ni watu wachache duniani wenye bahari hiyo karibu hivyo, na ni wachache zaidi ambao bahari yao haijatazamwa kiasi hicho.

Historia ya silikanti inapaswa kututosha. Samaki huyu alidhaniwa ametoweka tangu zama za dainosari, mpaka Marjorie Courtenay-Latimer alipomkuta kwenye shehena ya meli ya uvuvi Afrika Kusini, Desemba 1938. Mwaka 1987 Hans Fricke alishuka na nyambizi ndogo Komoro na kumpiga picha akiwa hai mahali anapoishi, karibu mita 200 chini. Tanzania hatukuwa na rekodi yake mpaka 2003, alipovuliwa karibu na Songo Mnara, Kilwa. Baada ya hapo jarife za Tanga zikaleta wengi, na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Katikati ya hayo, Julai 2007, wavuvi wa Nungwi walimpata mmoja, na wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari wakiongozwa na Dk. Narriman Jiddawi wakaenda kumthibitisha. Mtu ambaye angepekua hifadhidata mwaka 2002 angesema maji ya Tanzania hayana silikanti. Walikuwapo muda wote.

Mambo yanasogea, na upande wetu wa bahari pia. Mradi wa SERPENT wa Southampton, Uingereza, umetumia roboti za kampuni za mafuta na gesi kupiga picha viumbe, zikiwamo zilizofanya kazi kwenye maji ya kina ya Tanzania. Mwaka 2019 jirani zetu wa Shelisheli walitazamiwa bahari yao na msafara wa Nekton, na rais wao wa wakati huo, Danny Faure, alihutubia dunia akiwa ndani ya nyambizi mita 124 chini. Natamani sana kuishi hadi siku ambayo taa itawashwa chini ya Ras Kigomasha.

Kama video za kwetu hazipo, kuna faida gani kujifunza kupekua za Monterey?

Wapo viumbe ambao makazi yao ni bahari zote. *Vampyroteuthis infernalis*, mnyama mweusi mwekundu aliye jamaa wa pweza, anaishi bahari za joto na za wastani duniani kote, Bahari ya Hindi ikiwamo. Ukijua anapenda maji yenye oksijeni kidogo sana, una swali zuri la kuuliza kuhusu maji yetu: oksijeni inapungua kina gani?

Faida nyingine ni kujifunza kuuliza juu ya uhusiano. Watazamaji wa MBARI huandika nani yuko juu ya nani. *Scotoplanes* ni jongoo bahari mnene wa rangi ya waridi, mwenye miguu kama ya nguruwe, anayetembea kwenye matope. Kwenye video, mara kwa mara, chini ya tumbo lake kulikuwa na kaa mchanga wa *Neolithodes*, ameshikilia kwa miguu. Mara ya kwanza unaona ajabu tu. Walipozikusanya rekodi zote pamoja ikawa dhahiri kwamba kaa hawa wachanga wanatumia majongoo kama kivuli cha kujificha, kwenye tambarare isiyo na jiwe wala mwani. Hakuna mbizi moja iliyogundua hilo. Liligunduliwa kwa kupekua. Sehemu ya "yuko juu ya" ndiyo ninayowaambia wanafunzi waizoee mapema, na wengi huiruka.

Bando langu ni dogo.

Tafuta maandishi kwanza na upakue faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu. Rekodi elfu kadhaa ni nyepesi kuliko dakika moja ya video. Picha fungua chache ulizozichagua. Video acha mpaka uje Jumamosi.

Je, akili mnemba haiwezi kutazama video zote kwa niaba yetu?

Inasaidia sana, na FathomNet imejengwa hasa kwa ajili ya kuifundisha. Lakini inatambua vizuri ilichooneshwa. Ikifundishwa kwa wanyama wa Monterey, ikipewa bahari ya Pemba itampa mgeni jina la mtu wa kwao. Angalia kama rekodi imeandikwa na mtu au na mashine, na ya mashine isubiri macho ya mtu.

Naruhusiwa kutumia picha kwenye ripoti au bango la skuli?

Mara nyingi ndiyo kwa elimu, ukitaja chanzo. Biashara ni jambo jingine. Soma leseni ya kila picha, kwa sababu hazifanani hata ndani ya hifadhidata moja.

Mvuvi wetu amepata samaki wa kina asiyemjua. Tufanye nini?

Kwanza asimtupe na asimkate. Samaki aliyetoka pima 150 mara nyingi hufika juu macho yamemtoka na mfuko wa tumbo umetokeza mdomoni kwa sababu ya hewa iliyopanuka ndani yake. Asidhani ni ugonjwa. Mpigeni picha mapema, rangi hufifia kwa dakika: ubavu mzima, kichwa kwa karibu, mapezi yamenyooshwa, na kitu cha kupimia pembeni, rula ikiwapo, la sivyo chupa ya maji au sarafu. Muwekeni kwenye barafu.

Halafu, nahodha akiwa bado anakumbuka, andikeni: mahali kwa GPS ya simu au kwa alama za nchi kavu alizozilenga, pima za mshipi na jinsi ulivyolala, saa, na mseme kama ni saa ya Kiswahili, bamvua au maji mafu, chambo gani. Andikeni jina alilompa yeye, hata kama anasema hajui lakini babu yake alikuwa akimwita hivi. Kisha mpigieni ofisa uvuvi wa wilaya, au mpelekeni Unguja, Taasisi ya Sayansi za Bahari kule Buyu, au taasisi ya utafiti wa uvuvi, ZAFIRI, Maruhubi.

Wakija kuuliza una uhakika gani wa kina, mjibu kama mlivyoandika: pima 150, mshipi ulilala kidogo kuelekea kaskazini, huenda 130.